Pima Kabla ya Kupiga

Kwa Kihispania gitaa huguswa. Kwa Kiswahili hupigwa. Kitenzi chao, tocar, ndicho hicho cha kugusa ukuta au bega la mtu. Sisi tuna piga, kitenzi kisichochoka: tunapiga simu, hodi, pasi na picha. Aliyebobea tunasema analicharaza gitaa, na kucharaza ni neno la fimbo pia. Nilipoanza kujifunza gitaa la klasiki nililitii neno hilo kupita kiasi. Nyuzi za nailoni zilinguruma, nami nikadhani huo ndio ustadi.

Zilizonirudi ni herufi nne. Katika noti za gitaa hili vidole vya mkono wa kulia huandikwa p, i, m, a: pulgar, índice, medio, anular. Ni gumba, cha shahada, cha kati na cha pete. Kidole kidogo kwa kawaida hakipigi. Kwa Mhispania hivyo ni vifupisho tu. Mswahili akizisoma herufi hizo kwa mfululizo anasikia amri: pima!

Hupimwa nini? Kwanza, kidole kinavyotua. Katika apoyando, kidole kikishapiga uzi huegemea uzi wa jirani, na sauti hutoka nene. Katika tirando hupita bila kumgusa jirani, ili nyuzi kadhaa zilie pamoja. Napendekeza tuziite pigo la kuegemea na pigo huru.

Pili, hupimwa usawa wa vidole. Mwitalia Mauro Giuliani alichapisha Vienna, mwaka 1812, mazoezi 120 ya mkono wa kulia. Mkono wa kushoto unazunguka kwenye kodi mbili tu, ya Do na ya Sol, ili sikio lote libaki kwa vidole vinne. Je, cha pete kinalia hafifu kuliko cha kati? Gumba linawahi? Kwa mwendo wa haraka huwezi kujua. Kwa mwendo wa taratibu kila kidole hujitaja.

Hapo ndipo neno zoezi linaponifundisha kuliko kitabu chochote. Limezaliwa na kuzoea. Kufanya mazoezi, basi, ni kuvizoesha vidole, na vidole havibagui: huzoea kosa kwa uaminifu ule ule vinaozoea usahihi. Aliyekimbiza kipande mara ishirini akajikwaa pale pale mara ishirini, amefanya mazoezi ya kujikwaa. Ndiyo maana siku hizi nikikosea sianzi tena juu. Nachukua noti mbili kabla ya kosa na mbili baada yake, nazipiga polepole mpaka mkono utulie, kisha ndipo naziunganisha na nyingine. Waswahili husema mazoea hujenga tabia. Gitaani tabia hiyo hujengwa noti kwa noti, na kila noti yastahili kupimwa kabla haijapigwa.