Kutoka Kipande Hadi Viza

Anayejiandaa kwenda majuu kutoka Kaloleni au Umoja huanza na pasipoti: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, nakala za vitambulisho vya wazazi, na mtu wa kumdhamini. Akiipata, ubalozi nao humdai barua ya mwajiri, hati za mshahara na stetimenti ya benki. Wengi huona madai hayo ya ubalozi kuwa mzigo mpya, uliozuka kwa hofu ya wahamiaji. Nadhani wanakosea. Swali la nani kakuajiri na anakulipa kiasi gani limewaandama wakazi wa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, tangu mitaa yao ilipoanza kujengwa, na liliulizwa kwanza hapa hapa nyumbani.

Sheria ya kikoloni ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alibeba karatasi iliyokunjwa ndani ya kikebe cha chuma, mara nyingi akikivaa shingoni kwa kamba. Humo mliandikwa jina, kabila na alama za vidole, na pia mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa. Bwana wa zamani asipotia sahihi, kazi nyingine ilikuwa shida kupatikana, na aliyeiacha kazi bila ruhusa alisakwa kama mhalifu. Harry Thuku alipokamatwa, baada ya kuongoza upinzani dhidi ya kipande na kodi, umati uliodai aachiliwe ulimiminiwa risasi jijini Machi 1922. Miaka hiyo hiyo Pumwani ilikuwa ikianzishwa kuwa mtaa wa Waafrika. Baadaye zikafuata Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni. Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli, kibarua kikiota nyasi na chumba kilikwenda.

Kipande kilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ila mazoea hayakufutika. Alfajiri ya 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi na kuipekua mitaa hii nyumba kwa nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walichujwa kwa hati zao na kwa vidole vya watoa habari waliofunikwa nyuso, na maelfu wakapelekwa Manyani na Mackinnon Road.

Kuna atakayesema kwamba viza huombwa kwa hiari, kipande kililazimishwa, na kila nchi ina haki ya kulinda mlango wake. Tofauti hiyo ni kubwa na siipuuzi: anayenyimwa viza hatiwi pingu. Lakini haki ya kulinda mlango haihalalishi kila kipimo. Barua ya mwajiri inampima vizuri karani wa benki. Mchuuzi wa mitumba wa Gikomba, au fundi anayegonga masanduku ya bati Kamukunji, hana bwana wa kumtilia sahihi, ingawa ana kibali cha kaunti, wateja wa miaka mingi, kumbukumbu za M-Pesa na daftari la chama cha akiba. Ataambiwa ubalozi hukubali hati hizo pia. Ndiyo, zinapokelewa, lakini ni yeye anayelazimika kuzifafanua moja moja kwa afisa mwenye dakika chache, huku mwenye barua yenye nembo ya kampuni akiaminiwa kwa ukurasa mmoja.