Visoda vya Drafti

Drafti huchezwa kwa kete 24, kumi na mbili kila upande. Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kama kwingineko Tanzania, kete hizo mara nyingi ni visoda vya bia na soda za viwanda mbalimbali. Vinachanganyika bila taabu kwa sababu ya William Painter wa Baltimore, aliyepata hataza ya kizibo hicho mwaka 1892. Kilianza na meno 24, kikatulia kwenye 21, na viwanda vikafuata kipimo kimoja. Rangi hazijalishi: mmoja hulaza vyake, mwenzake hupindua vyake. Zabibu ndiyo sifa ya Makutupora, lakini chupa za mvinyo, kwa kawaida zenye kizibo cha gome, hazichangii kete hata moja.