Balozi na bailleur, ndugu wa tumbo moja

Mimi nilisoma agronomi, si historia, lakini leo niachieni niwape habari ya neno moja. Kwetu tukitafuta viza tunasemaka "naenda ku ambasade" ao "ku konsila". Katika vitabu vya Kiswahili tunakuta "balozi". Wengi wanafikiri hilo ni neno la Kiarabu. Hapana. Kwa Waarabu lilipita tu, lakini lilizaliwa katika Kilatini.

Zamani Warumi walimwita mbeba mizigo baiulus. Ndiyo, mpagazi! Kisha maana ikapanda cheo: mtu aliyebebeshwa kazi ya mwingine, kama kulea mtoto wa mkubwa ao kusimamia mali yake. Wafanyabiashara wa Venezia wakalifanya bailo, jina la mkubwa aliyewaangalia watu wao kule Constantinople: aliamua kesi zao, alilinda biashara yao, aliandikia serikali yake barua. Waturuki walipouteka mji huo mwaka 1453, bailo alibaki, wao wakamwita balyos. Kazi haikuwa ya kula bure. Vita vya Kupro vilipoanza mwaka 1570, bailo Marcantonio Barbaro alifungiwa nyumbani mwake, na akiwa humo humo aliendelea kutafuta amani, hadi ikapatikana mwaka 1573.

Venezia kama dola ilikufa mwaka 1797, lakini neno halikufa. Baghdad na Ghuba walimwita hivyo mjumbe wa Waingereza. Unguja, chini ya masultani wa Omani, konsuli wa Marekani alifika mwaka 1837, wa Uingereza mwaka 1841, na watu wakawaita balozi. Leo Tanzania balozi ni ambasaderi, na konsuli ni balozi mdogo. Hata kiongozi wa nyumba kumi mtaani anaitwa balozi.

Sasa mushangae kidogo. Kilatini hicho hicho kilizaa pia kitendo cha kubeba mzigo, baiulare. Wafaransa wakakifanya bailler, maana yake kutoa, kumkabizi mtu kitu. Ndipo tunapata bailleur, yule anayekuja kudai pesa ya nyumba kila mwezi, na bailleur de fonds ambaye ba ONG zetu zinamungojea kama mvua. Balozi na bailleur ni watoto wa mpagazi mmoja!

Na sisi wa Kongo tunamujua mpagazi. Mbele ya reli ya Matadi–Léopoldville kuisha mwaka 1898, mizigo ya karibu kilo 30 ilipanda milima juu ya vichwa vya babu zetu, na wengi walifia njiani.

Miaka 5 kisha reli, konsuli wa Uingereza, Roger Casement, alipanda mto hadi upande wa ziwa Tumba. Watu wa vijiji wakamueleza kodi ya kauchu, vijiji vilivyobaki vitupu, mikono iliyokatwa. Aliyabeba maneno yao katika raporo iliyotoka mwaka 1904. Leopold II akalazimika kutuma tume ya uchunguzi, na mwaka 1908 Kongo ikatoka mikononi mwake, ikawa koloni ya Ubelgiji. Haukuwa uhuru, tusidanganyane. Lakini maneno ya mwanakijiji yalifika London kwa sababu mtu wa cheo alikubali kuyabeba.

Sisi wenye lisansi tunapendaka sana vyeo: coordonnateur, président, ambassadeur wa hiki na kile. Si mbaya. Ila siku watakupatia cheo, uliza kwanza: mzigo ni gani, na ni wa nani? Kama hakuna mzigo, hicho ni kikaratasi tu. Mimi wa agronomi naanza na wakulima: wanayoniambia shambani, je, ninayafikisha, ao ninayaacha kwenye daftari?