Jaji hawezi kumlazimisha mtu aimbe

Desemba 2022 vijiwe vya kahawa, kuanzia Kariakoo hadi Darajani, vilikuwa na kesi moja tu. Feisal Salum, Fei Toto, alikuwa ameaga Yanga huku mkataba wake haujaisha, na Yanga wakasema haondoki mtu. Januari kamati ya Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, ikaamua kwamba kijana bado ni mchezaji wao. Sawa, lakini uwanjani kwao hakurudi. Hapakuwa na askari wa kumshika mkono na kumvalisha jezi, wala hapakuwa na klabu nyingine ya kumchezesha. Ikawa hivyo hadi Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaomba Yanga hadharani wayamalize, na Fei akaenda Azam.

TFF si mahakama, na kanuni zake zina njia zake. Hata hivyo hali ile ya mtu asiyeweza kulazimishwa kufanya kazi, ila akafungiwa milango ya kwingine, wanasheria wanaifahamu tangu 1852. Aliyeianzisha hakuwa mchezaji. Alikuwa mwanamke mwimbaji.

Mkataba ukivunjwa, sheria ya kawaida ya Kiingereza ilikuwa na dawa moja: fidia. Hesabu hasara yako, lipwa, nenda nyumbani. Kwa gunia la mchele inatosha, maana sokoni liko jingine. Kwa shamba la urithi, au kwa sauti ambayo haina mfano, fedha haikidhi. Hapo ndipo watu walipokimbilia kwa Chansela wa mfalme, aliyeamua kwa dhamiri: timiza ulichoahidi, acha unachofanya, au mkataba huu uliopatikana kwa hila ufutwe. Hizo ndizo nafuu za usawa. Haziwi haki ya kudai kama deni. Jaji hutoa akiona inafaa, na mwenye mikono michafu hurudishwa mlangoni.

Majaji wa sheria ya kawaida hawakuupenda mtindo huo. Ugomvi ulifika kileleni katika kesi ya Earl wa Oxford ya 1615, Edward Coke upande huu na Chansela Ellesmere upande ule, hadi Mfalme James I alipoamua mwaka uliofuata kwamba neno la Chansela litashinda. Coke akafukuzwa kazi mwaka huohuo.

Tumrudie mwimbaji. Johanna Wagner alikuwa mwimbaji wa kasri la mfalme wa Prussia, na mtunzi Richard Wagner alikuwa baba yake mdogo. Novemba 1851 alikubali kuja London kumwimbia Benjamin Lumley, meneja wa Her Majesty's Theatre, miezi mitatu kuanzia Aprili 1852, mara mbili kwa wiki. Baadaye wakala aliyeshughulikia mapatano akaongeza kifungu kimoja kidogo: katika muda huo bibi huyu hataimba ukumbi mwingine bila ruhusa ya Lumley kwa maandishi. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyomponza.

Frederick Gye, meneja wa Covent Garden, alikuja na dau kubwa zaidi. Upande wa Wagner ukasema Lumley amechelewesha malipo ya awali, hivyo mkataba umekufa. Lumley akakimbilia mahakamani kuomba zuio. Kumbukumbu zake alizochapisha 1864 zinamwonyesha kama mtu mwungwana aliyedhulumiwa. Msomaji asisahau kuwa aliyeziandika ni mshitaki mwenyewe.

Kikwazo kilikuwepo. Mwaka 1829 mahakama ya Chansela, Chancery, ilikataa kumzuia mwigizaji Edmund Kean, kwa hoja kwamba mahakama isiyoweza kusimamia uigizaji wake haina sababu ya kuingilia nusu ya mkataba. Mei 1852 Chansela Lord St Leonards aliikataa hoja hiyo. Alikiri kwamba hana njia ya kumlazimisha Wagner aimbe. Lakini amemwahidi Lumley kwamba hataimba kwingine, na ahadi hiyo mahakama inaweza kuisimamia. Huenda kukaa kimya kukamrudisha kwenye kazi aliyoikubali. St Leonards alikaa kwenye kiti hicho miezi kumi hivi tu, na wengi wanamkumbuka kwa hukumu hiyo. Miezi hiyohiyo Dickens alikuwa akitoa sehemu za kwanza za Bleak House, hadithi iliyoichora mahakama hiyo kama mahali ambapo kesi huwazika walioifungua.

Baadaye mwigizaji Bette Davis alikutana na kanuni hiyo. Mwaka 1936 mahakama ya London ilimzuia kucheza filamu nje ya Warner Bros, ikiona anaweza kupata riziki kwa kazi nyingine.

Kanuni ikavuka bahari. Kenya ilipokea misingi ya usawa kama ilivyokuwa Uingereza tarehe 12 Agosti 1897, Tanganyika kama ilivyokuwa 22 Julai 1920. Mahakama zetu zikajenga vipimo vyao: Atilio dhidi ya Mbowe Dar es Salaam mwaka 1969, Giella dhidi ya Cassman Brown mwaka 1973. Je, kuna hoja ya kweli? Fedha haitoshi kuponya hasara? Nani ataumia zaidi? Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilitumia misingi hiyohiyo ya usawa kuwalinda wanunuzi wa viwanja waliolipa na kukaa bila kibali cha bodi ya ardhi.

Siku hizi neno zuio limechakaa kwa kutumiwa. Wengi huliomba si kulinda haki bali kusogeza siku, na makosa ni ya wanaoliomba, si ya kanuni. Tangu 2021 sheria ya Tanzania inataka mahakama zitumie Kiswahili, lakini kwa dhana hii nzima bado hatujakubaliana hata jina: usawa, dhamiri, au haki ya asili?

Lumley alishinda, lakini ukumbi wake ukafungwa mwisho wa msimu wa 1852, na Wagner hakumwimbia. Kesi aliyomfungulia Gye nayo akashindwa mbele ya baraza la juri. Machi 1856 Covent Garden ikateketea kwa moto. Lumley akafungua milango tena, na miongoni mwa waliopanda jukwaani mwake mwaka huo ni Johanna Wagner, amevaa nguo za Romeo.