Kabla Hujafunga Masaa 16, Skia Hii Historia

Siku hizi kila mtu kwa simu yako anafunga. Huyu anakula kutoka saa sita mchana hadi saa mbili usiku, halafu masaa 16 yanayobaki ni maji na kahawa bila sukari. Mwingine anakuambia ukinywa chai asubuhi ushaharibu siku. Mimi sina shida na kufunga. Shida yangu ni kwamba tumebeba masaa tukaacha masharti. Na ukiangalia historia, masharti ndiyo yalikuwa yanaokoa watu.

Tuanzie hapa nyumbani. Waislamu wa Lamu na Mombasa wamefunga Ramadhani kwa mamia ya miaka. Kuna daku kabla ya alfajiri, na jua likizama kuna tende, uji na viazi vya nazi. Lakini hiyo saumu imekuja na ruhusa zake. Mgonjwa anakula. Msafiri anakula, analipa siku zake baadaye. Mwanamke aliye kwa hedhi hafungi. Mjamzito na anayenyonyesha wakihofia afya zao au za watoto, wana ruhusa. Mzee asiyeweza kabisa analisha maskini. Sheria ya kufunga na sheria ya kutofunga zinatembea pamoja, na anayekula kwa sababu ni mgonjwa haitwi mtu legevu.

Sasa ona kitu hufanyika ruhusa zikitolewa. Miaka ya 1900 huko Marekani, jimbo la Washington, kulikuwa na mama anaitwa Linda Hazzard. Aliandika kitabu mwaka wa 1908 akisema kufunga kunatibu magonjwa. Wagonjwa wake walikuwa wanaishi kwa supu nyepesi ya mboga kwa wiki nyingi. Mwaka wa 1911 walikuja madada wawili matajiri kutoka Uingereza, Claire na Dora Williamson. Claire alikufa, amebaki mifupa. Dora aliokolewa. 1912 Hazzard akahukumiwa kwa kuua bila kukusudia. Na unajua yeye mwenyewe alikufaje? Mwaka wa 1938, akijifungisha. Aliamini mpaka mwisho. Kwa hivyo usiniambie ati mtu akiwa na uhakika sana kwa video basi anajua anachosema.

Wakati huohuo, huko New York, daktari Frederick Allen alikuwa anawapunguzia chakula wagonjwa wa kisukari mpaka wanakonda vibaya. Huyu hakuwa tapeli. Insulini haikuwa imepatikana, na njaa ndiyo ilikuwa inawaongezea siku. Mgonjwa wake mmoja, Elizabeth Hughes, aligunduliwa na kisukari mwaka wa 1919 akiwa na miaka 11. Kufikia 1922 alikuwa na kama kilo 20, msichana anayekaribia miaka 15! Mwaka huo insulini ikaanza kutumika Toronto, akapelekwa huko, akaanza kula tena. Aliishi mpaka 1981. Njaa ilimfikisha kwa dawa, lakini dawa haikuwa njaa.

Halafu kuna ile stori watu hupenda kuposti, ya Angus Barbieri wa Scotland. Kutoka 1965 hadi 1966 alikaa siku 382 bila chakula, akatoka kilo 207 hadi 82. Ni ukweli. Kile hawaposti ni kwamba alikuwa chini ya madaktari wa hospitali ya Dundee, anapewa vitamini na madini, damu na mkojo vinapimwa. Na enzi hizo kuna wagonjwa wengine waliofungishwa kwa njia kama hiyo wakafa. Hao hawana picha ya kabla na baada.

Tukifika karibu, mwaka wa 2012 mwandishi wa BBC Michael Mosley alitoa filamu iliyofanya kufunga siku mbili kwa wiki kuwe fasheni. 2016 Yoshinori Ohsumi wa Japani akapata Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi seli husaga takataka zake zenyewe. Watu wakakimbia na hiyo: "Nobel imesema tufunge!" Ebu tulia. Kazi yake kubwa aliifanya kwa hamira. Hamira, ile ya mandazi. Ni sayansi kubwa, lakini si ratiba ya chakula chako.

Kwa binadamu, utafiti wa Marekani wa 2020 ulifuata watu 116 kwa wiki 12. Waliofunga masaa 16 hawakupungua kwa tofauti ya maana kuliko wale waliokula kawaida. China, 2022, watu 139 walipunguziwa chakula kwa mwaka mzima. Wengine na saa, wengine bila. Matokeo yalikaribiana. Yaani saa haina uchawi. Kama inakusaidia kuacha chips za saa nne usiku, poa. Kama haikusaidii, hujapoteza kitu.

Kwa hivyo rudisha masharti. Kama hujafika miaka 18, mwili bado unajengwa, kula. Kama una mimba au unanyonyesha, kula. Kama unatumia insulini au tembe za kushusha sukari, usijaribu kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka ukazimia. Kama uliwahi kujinyima chakula au kujitapisha kwa kuogopa kunona, hii si yako, hata kama saa hii imepewa jina tamu. Na kama unaruka chakula cha mchana kwa sababu mfuko umetoboka, hiyo ni njaa, usiibadilishe jina.

Wewe mwingine uliye mzima, anza polepole. Kula saa mbili usiku, kisha subiri saa mbili asubuhi. Hayo ni masaa 12, na babu zetu waliyafanya bila programu ya simu. Ukianza kutetemeka, kusikia kizunguzungu, hedhi ikikatika, au ukiwaza chakula kutwa nzima, acha. Hakuna medali hapa.

Kabla ya kuuliza utafunga masaa mangapi, jiulize ni nini kitakufanya uache. Kama huna jibu, chukua sahani.