Kiswahili cha Kazi katika Seminari ya Berlin
Kabla mitaala ya umahiri haijapata jina, Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyofunguliwa Berlin mwaka 1887, ilikwisha kukifundisha Kiswahili kwa kipimo cha kazi. Kitabu cha Büttner cha 1892 chadhihirisha hilo: barua na hati za Waswahili kwa herufi za Kiarabu, aina ileile ambayo afisa wa kikoloni angeletewa mezani. Diploma ilimthibitisha mwanafunzi. Umahiri wenyewe ulitoka kwa wasemaji kama Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha hapo kwa cheo cha lekta, chini ya mwalimu Mjerumani. Ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli (1903), nathari ambayo, kwa maoni yangu, ina wapinzani wachache katika zama zake. Jina lililochapwa mbele ya kitabu ni la Velten.