Kujinasua na madeni Toronto: umlipe nani kwanza?

Wahenga wa pwani walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa Waafrika Mashariki wengi waliohamia Toronto, mji mkubwa kuliko yote nchini Kanada, methali hiyo huanza kueleweka mwaka wa pili au wa tatu baada ya kuwasili. Kadi ya mkopo iliyonunua makoti ya baridi na vitanda vya watoto imefika kikomo. Simu kutoka nyumbani imeleta habari za msiba au karo. Na mshahara, ukishatoa kodi ya nyumba, umeme, nauli na chakula, haubakishi kitu.

Kima cha chini cha mshahara katika jimbo la Ontario kilipandishwa mwezi Oktoba 2025 na kuwa dola 17.60 za Kanada kwa saa. Anayefanya kazi saa 40 kwa juma hupata takriban dola 3,050 kwa mwezi kabla ya makato. Kumwambia mtu huyo abane matumizi ni kumwambia afanye jambo ambalo amekwisha kulifanya. Anachohitaji kujua ni mambo mawili: yupi wa kulipwa kwanza fedha zisipotosha, na sheria inatoa njia gani za kusimamisha riba.

Riba ndiyo inayolishikilia deni

Kadi nyingi za mkopo nchini Kanada hutoza riba inayokaribia asilimia 20 kwa mwaka. Tuchukue mfano wa deni la dola 5,000. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni kama dola 83. Mdaiwa akilipa dola 100, ni dola 17 tu zinazopunguza deni lenyewe. Hata asipoitumia kadi hiyo tena, atalipa dola 100 kila mwezi kwa muda wa miaka 9, na jumla ya malipo yake itafika karibu dola 10,800. Riba ikisimamishwa, dola 100 zile zile humaliza deni hilo kwa miezi 50.

Hali ni mbaya zaidi kwa mikopo midogo ya kungojea siku ya mshahara, ambayo maduka yake yameenea katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Watanzania wanaoijua mikopo iitwayo "kausha damu" hawatahitaji maelezo marefu. Tangu tarehe 1 Januari 2025, sheria ya shirikisho imeweka kikomo cha dola 14 kwa kila dola 100 zinazokopwa kwa njia hiyo. Dola 14 huonekana kidogo, lakini kwa mkopo wa majuma mawili ni sawa na riba ya zaidi ya asilimia 360 kwa mwaka. Kwa mikopo mingine ya kawaida ya watu binafsi, tangu tarehe hiyo hiyo, kutoza zaidi ya asilimia 35 kwa mwaka ni kosa la jinai.

Sheria ya Ontario ya mwaka 2008 inampa mkopaji wa namna hii siku mbili za kazi za kubadili nia, akairejesha fedha bila gharama yoyote. Vile vile, anayechukua mkopo wa tatu ndani ya siku 63 ana haki ya kulipa kwa awamu badala ya kulipa wote kwa mkupuo.

Anayepiga simu sana si wa kwanza kulipwa

Dawa ya deni ni kulipa, lakini madeni hayana uzito sawa. Kosa lililo la kawaida ni kumlipa kwanza yule anayepiga simu mara nyingi. Mara nyingi huyo ni wakala wa kukusanya madeni ya kadi, na kadi ya kawaida haina rehani: mwenye kudai hawezi kuchukua kitu chochote mpaka aende mahakamani na kushinda. Mwenye nyumba, kwa upande mwingine, huenda asipige simu hata mara moja. Hutuma notisi, kisha hufungua shauri katika baraza la wenye nyumba na wapangaji.

Kwa hiyo, fedha zisipotosha, utaratibu wa busara ni huu:

Kwanza, kodi ya nyumba, chakula, umeme na joto, na nauli ya kwendea kazini.

Pili, madeni yenye rehani juu ya kitu unachokihitaji, kwa mfano mkopo wa gari linalokupatia riziki, pamoja na matunzo ya watoto yaliyoamriwa na mahakama.

Tatu, mkopo wa usafiri wa wakimbizi, kwa sababu itakayoelezwa hapa chini.

Mwisho, kadi za mkopo na madeni mengine yasiyo na rehani.

Tahadhari moja haina budi kutajwa. Ikiwa mshahara wako huingia katika benki ile ile inayokudai, benki hiyo inaweza kukata deni moja kwa moja katika akaunti yako. Kufungua akaunti katika benki nyingine, ambayo huna deni nayo, na kuhamishia mshahara huko ni halali.

Vitisho na mipaka yake

Hofu ya wengi wetu ina asili yake. Nchini Kenya na Tanzania sheria za mwenendo wa mashauri ya madai zinaruhusu mahakama, kwa masharti maalumu, kumpeleka mdaiwa kifungoni. Kanada haiko hivyo. Hakuna anayefungwa jela kwa kushindwa kulipa kadi ya mkopo, wala deni hilo si sababu ya kufukuzwa nchini. Anayekuambia hivyo kwa simu anakudanganya.

Sheria ya Ontario inawawekea mipaka mawakala wa kukusanya madeni. Kwanza hutuma barua, kisha husubiri siku sita kabla ya kupiga simu. Hawaruhusiwi kupiga kati ya saa tatu usiku na saa moja asubuhi, na siku ya Jumapili wanaruhusiwa kati ya saa saba mchana na saa kumi na moja jioni tu. Wakishazungumza nawe mara moja, hawaruhusiwi kukutafuta zaidi ya mara tatu ndani ya siku saba.

Hata mwenye kudai akishinda mahakamani, kwa kawaida hawezi kuchukua zaidi ya asilimia 20 ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima. Matunzo ya watoto ni jambo jingine, kwani yanaweza kufika asilimia 50. Idara ya mapato ya serikali nayo inaweza kukata mshahara bila kwenda mahakamani.

Tena, kwa madeni mengi ya kawaida yasiyo na rehani, mwenye kudai ana miaka miwili tu ya kufungua shauri. Lakini ukilipa hata kiasi kidogo, au ukikiri deni kwa maandishi kabla ya muda huo kwisha, hesabu ya miaka miwili huanza upya. Ndiyo maana wakala hukubembeleza utoe "hata dola kumi".

Milango mitatu

Palipo na ziada kidogo kila mwezi, mlango wa kwanza ni shirika la ushauri wa madeni lisilo la kibiashara. Shirika kama hilo hukusanya malipo yako mahali pamoja na kuwaomba wadai wapunguze au waondoe riba. Deni lenyewe hulipwa lote. Udhaifu wa njia hii ni kwamba wadai hawalazimiki kukubali.

Mlango wa pili ni pendekezo la mdaiwa, utaratibu ulioingizwa katika sheria ya ufilisi ya Kanada mwaka 1992. Mwenye madeni yasiyozidi dola 250,000, bila kuhesabu rehani ya nyumba anayoishi, huwapendekezea wadai wake kwamba atalipa sehemu tu ya deni, kwa muda usiozidi miaka mitano. Tuseme unadaiwa dola 30,000 na unaweza kutoa dola 200 kwa mwezi. Pendekezo lako litakuwa dola 12,000 kwa miezi 60. Wadai wana siku 45 za kujibu, na wenye sehemu kubwa ya deni wakikubali, wote hufungwa na uamuzi huo. Mara tu pendekezo linapowasilishwa, riba husimama, na ukataji wa mshahara kwa madeni hayo pia. Hata deni la kodi ya mapato huweza kuingizwa, jambo muhimu kwa madereva wa teksi na wengine waliojiajiri. Sharti kubwa ni kutorudi nyuma: malimbikizo yakifika malipo ya miezi mitatu, pendekezo huvunjika.

Mlango wa tatu ni kufilisika. Anayefilisika kwa mara ya kwanza, ikiwa kipato chake hakizidi kiwango kilichowekwa na serikali na akatimiza wajibu wake wote, huachiliwa baada ya miezi 9. Kipato kikizidi, ni miezi 21. Rekodi yake ya mikopo hubaki na doa kwa miaka kadhaa baada ya hapo. Matunzo ya watoto, faini za mahakama na madeni yaliyotokana na ulaghai hayafutwi. Mikopo ya masomo ya serikali nayo haifutwi ikiwa hujamaliza miaka saba tangu uache kuwa mwanafunzi.

Mlango wa pili na wa tatu hufunguliwa na mtu mmoja tu: mfilisi mwenye leseni ya serikali ya shirikisho. Kwa kawaida mazungumzo ya kwanza naye ni bure, na ujira wake umewekwa na kanuni. Jihadharini na "washauri" wanaodai malipo ili wawapeleke kwake. Tangu mwaka 2015, kampuni za kupatanisha madeni haziruhusiwi Ontario kutoza fedha kabla ya kazi kufanyika.

Deni na kuileta familia

Hapa ndipo suala la madeni linapomgusa mhamiaji kuliko mzaliwa. Wakimbizi wengi waliotoka katika kambi kama Kakuma na Dadaab nchini Kenya, au Nyarugusu nchini Tanzania, walipewa na serikali ya Kanada mkopo wa nauli na uchunguzi wa afya. Tangu mwezi Februari 2018 mkopo huo hautozwi riba. Kwa sababu hiyo wengi huuweka mwisho, na ndipo wanapoumia. Kanuni za uhamiaji zinamzuia aliyeshindwa kurejesha mkopo huo kumdhamini ndugu yake. Ukiona hutaweza kulipa mwezi ujao, iandikie idara ya uhamiaji mapema; inaweza kupunguza au kuahirisha malipo.

Kanuni hizo hizo zinamzuia pia mtu aliyefilisika ambaye bado hajaachiliwa. Pendekezo la mdaiwa halimo katika katazo hilo. Kwa anayemngoja mke, mume au watoto kutoka Goma, Kampala au Mombasa, tofauti hiyo peke yake inaweza kuamua apite mlango upi.

Deni la jamaa na la upatu

Madeni ya ndugu, marafiki na upatu ndiyo yanayotuumiza roho zaidi, na ni kawaida kutaka kuyalipa kabla ya benki. Lakini sheria huyahesabu sawa na mengine, na ni lazima yatajwe. Ukimlipa jamaa yako katika miezi 12 kabla ya kufilisika, mfilisi anaweza kupinga malipo hayo na kuzidai fedha zirudishwe. Na ikiwa rafiki alitia sahihi kuwa mdhamini wako, pendekezo lako halimwokoi: benki itamgeukia yeye. Mwambieni mapema, asije akaisikia habari hiyo kutoka kwa wakala.

Kuhusu fedha za kutuma nyumbani, mfilisi ataitazama bajeti yako yote, na kiasi hicho kitajadiliwa. Ni afadhali kuweka kiwango kidogo kisichobadilika, na kuwaeleza walio nyumbani sababu yake. Wengi wao wanajua kukopa na kudaiwa. Kimya ndicho kinachowafanya wadhani ndugu yao amewasahau.

Pa kuanzia

Kabla ya yote, wasilisha taarifa yako ya kodi ya mapato hata kama hukupata kitu. Posho ya watoto ya Kanada, iliyoanza mwaka 2016, na marejesho mengine kwa wenye kipato kidogo hutegemea taarifa hiyo. Vituo vya kujitolea huijaza bure.

Ukiwa na malimbikizo ya kodi ya nyumba, ulizia benki ya kodi ya Jiji la Toronto, ambayo tangu mwaka 2021 imekuwa ikitoa ruzuku badala ya mkopo. Kwa umeme, Ontario ina mpango wa punguzo kwa kaya maskini tangu mwaka 2016. Namba ya simu 211 ni bure, na mkalimani huweza kupatikana.

Kisha chukua karatasi moja. Andika kila deni, jina la mdai, riba, na kama lina rehani au mdhamini. Weka pembeni mapato na matumizi ya mwezi mmoja. Ikiwa, baada ya mahitaji ya lazima, kinachobaki hakiwezi kumaliza madeni hayo kwa miaka mitano hata bila riba, usikope tena kuyalipa. Nenda na karatasi hiyo kwa mfilisi mwenye leseni kabla mshahara haujaanza kukatwa.